Mwana wa Nani?

Desemba 2019, hadithi iliyoanza kusimuliwa mwaka 1977 ilifika mwisho wake. Nasema mwisho kwa kuwa ndivyo ilivyotangazwa: filamu ya tisa ya Star Wars, iitwayo The Rise of Skywalker, ilikusudiwa kufunga habari za ukoo mmoja ambao watazamaji waliufuata kwa miaka 42. Mwisho ukaja, na watu wakagawanyika. Wahakiki walioisifu na walioikosoa walikaribia kuwa nusu kwa nusu. Watazamaji wa kawaida walikuwa wakarimu zaidi, ila hata baina yao walikuwapo waliotoka ukumbini wakifuta machozi ya furaha na waliotoka wakiapa kwamba hawatarudi tena. Fedha ilipatikana, zaidi ya dola bilioni moja, ingawa filamu ya 2015 iliyofungua fungu hilo la mwisho ilikuwa imeingiza zaidi ya bilioni mbili.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu ana haja gani na panga za nuru na merikebu za angani. Naomba anivumilie. Watu hawagombani miaka nenda miaka rudi juu ya mwisho wa hadithi ila hadithi hiyo iwe imewagusa mahali, na mahali ilipogusa hii ni pale pale ambapo ushairi wa pwani yetu haujapata kunyamaza: swali la nasaba.

Kwa wasioziona filamu hizi, kisa chenyewe si kigumu. Luke Skywalker, kijana aliyelelewa na wakulima katika sayari ya jangwa, anagundua kwamba baba aliyeambiwa amekufa ndiye Darth Vader, mtumishi mkuu wa dola katili. Filamu tatu za mwanzo, za 1977, 1980 na 1983, zasimulia jinsi mwana alivyomrudisha baba kwenye wema, na jinsi baba huyo alivyomtupa shimoni bwana wake, Kaizari Palpatine. Tatu zilizofuata, kuanzia 1999 hadi 2005, zikarudi nyuma kueleza baba alivyopotoka. Mwaka 2012 mtunzi wa yote hayo, George Lucas, aliiuza kampuni yake kwa Disney kwa takriban dola bilioni nne, na hapo likazaliwa fungu la tatu. Ndimo alimo Rey, msichana anayeokota vyuma chakavu jangwani na kuvibadilisha kwa chakula, anayechora mstari ukutani kila siku ipitayo huku akiwasubiri wazazi waliomwacha.

Mimi niliingizwa katika kisa hiki na lugha. Katikati ya miaka ya 80, nikiwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nilikwenda na wenzangu kuitazama filamu ya 1983 katika jumba moja la sinema jijini Nairobi. Mengi hayakuniingia, kwa kuwa sikuwa nimeziona mbili za mwanzo. Ghafla rubani mmoja mwenye mashavu yaliyoning'inia na macho meusi makubwa akafumbua kinywa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenzangu, mzaliwa wa Nyeri, akanishika mkono. “Dada, huyu anasema Kikuyu!” Ndivyo ilivyokuwa. Sauti ya kiumbe yule, Nien Nunb, ilitolewa na mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich, na ndani yake mlikuwa na Kikuyu na Kikalenjin. Kwa mtazamaji wa Marekani zilikuwa sauti za viumbe wa sayari za mbali. Kwetu ilikuwa lugha ya mpishi wa chuo na ya utingo wa matatu. Ningeweza leo kuandika kurasa nzima juu ya lugha za watu kugeuzwa lugha za wasio watu, na ningekuwa na haki. Lakini siku ile hatukukasirika. Tulicheka kama mtu aliyekutana na jirani yake ughaibuni.

Tangu hapo sikuziacha filamu hizi. Na nilipomwona Rey, mwaka 2015, nilimjua kabla hajasema neno.

Filamu ya 2017, The Last Jedi, ndiyo iliyolijibu swali lake. Mwongozaji Rian Johnson hakumpa baba mfalme wala mama malkia. Rey anaambiwa kwamba wazazi wake hawakuwa lolote: walikuwa wachuuzi wa vyuma, walimuuza wapate pesa ya ulevi, nao wamelala katika kaburi la mafukara huko huko jangwani. Uwezo wake, ile Nguvu ya ghaibu ambayo hapo awali tuliiona zaidi katika ukoo wa Skywalker, hakuurithi kwa mtu. Kisha filamu ikafungwa kwa picha ya mtoto mtumwa anayefagia zizi la wanyama wa matajiri. Anaunyosha mkono, na ufagio unamjia wenyewe. Basi. Hatuambiwi ni mwana wa nani.

Sina budi kueleza kwa nini picha ile ilinikaa moyoni. Baba yangu alikuwa Mtaita aliyeshuka pwani kutafuta riziki akaishia kuwa kuli katika bandari ya Mombasa. Nyumbani kwetu hamkuwa na sanduku la miswada, hamkuwa na nyanya aliyehifadhi tenzi, hamkuwa hata na kitabu, isipokuwa Biblia na daftari la madeni ya duka. Kiswahili nilikiokota kibarazani kwa majirani, kisha shuleni, kisha nikakifanya kazi ya maisha. Mwaka mmoja, nikiwa mwalimu mchanga, nilialikwa kusoma shairi mbele ya hadhara ya washairi. Nilisoma. Mzee mmoja aliyeheshimiwa sana akaniita karibu.

“Shairi limetulia. Wewe ni mwana wa nani?”

Nikamtajia jina la baba yangu. Nilimwona akilitafuta kichwani, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, asilipate.

“Sivyo, mwanangu. Nauliza, umelipata wapi?”

Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Katika ulimwengu alimokulia, elimu ya utunzi ilikaa nyumbani kama mali. Mtoto aliirithi pamoja na miswada, na kumuuliza mshairi ukoo wake ilikuwa ni kuuliza isnadi yake, aliyemfunza na aliyemfunza mwalimu wake. Hata hivyo swali lake liliniingia kama mwiba wa samaki. Alikuwa radhi kuamini kwamba nimeiba, kabla ya kuamini kwamba nimetunga.

Sasa wasomaji wataelewa hali niliyokuwa nayo wiki ile ya Krismasi ya 2019, nilipoketi ukumbini hapa Mombasa, kulia kwangu binti yangu, kushoto kwangu kijana wa mdogo wangu. Filamu haikukawia kulibatilisha jibu la 2017. Kaizari Palpatine, tuliyemwona akitupwa shimoni miaka 36 iliyopita, yu hai, na habari ya kurudi kwake yapitishwa kwa maneno machache kama mtu asemaye mvua imenyesha. Na Rey, mwokota vyuma, ni mjukuu wake. Wale wazazi hawakuwa walevi; walijifanya watu duni ili wamfiche mtoto. Nguvu zake zote zina asili, na asili yenyewe ni damu ya mfalme.

Binti yangu aliniinamia gizani akaninong'oneza: “Mama, wamemnyang'anya.”

Neno hilo ndilo lililosemwa na maelfu ya waliohuzunika, kwa lugha nyingi na kwa maelezo marefu zaidi, nami naona hapana haja ya kuliongezea. Kwa miaka miwili walikuwa wamepewa shujaa asiyetoka popote. Kisha wakaambiwa kwamba hakuna shujaa asiyetoka popote. Palikuwa na makosa katika daftari, na sasa yamerekebishwa.

Lakini upande wa kushoto palikuwa na kilio kingine. Mwishoni mwa filamu Rey anarudi katika ile nyumba ya jangwani alimolelewa Luke, anazika panga mbili za nuru mchangani, na bibi kizee apitaye na mnyama wake anamuuliza yeye ni nani. Rey. Rey nani? Msichana anatazama mbali, anaviona vivuli vya Luke na Leia, waliomfunza na kumpenda, na anajibu kwa jina lao: Skywalker. Kijana wetu, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa akilia.

Baba yake mzazi aliondoka kabla mtoto hajasimama dede. Aliyemlea, aliyemlipia karo na kumpeleka hospitali usiku, ni mume wa pili wa mdogo wangu, mtu mpole anayetengeneza majokofu. Kijana alipofika umri wa kuchukua kitambulisho aliandikisha jina la mlezi huyo, na upande wa baba mzazi ukamlaumu kwa hilo, wao ambao hawakuwa wamemletea hata kalamu.

“Mama Mkubwa,” aliniambia tulipotoka, “ninyi mnaangalia damu aliyopewa. Mimi naangalia jina alilolichagua. Yule bibi swali lake nimeulizwa mimi, dirishani, na karani.”

Binti yangu hakumwachia. “Na kwa nini lazima awe na jina la ukoo? Kwa nini yule bibi asitosheke na Rey?”

Walibishana hadi kituo cha matatu, nami nikiwa katikati nimebeba mkoba wa kila mmoja. Nimeyasikia maoni ya watu wengi tangu siku ile, lakini sijasikia hoja iliyozipita hizo mbili. Waliofurahi hawakuwa wajinga walioridhishwa na milipuko, wala waliochukia hawakuwa watu wenye kinyongo tu. Palikuwa na kundi la waliotaka kuambiwa kwamba asiye na ukoo anatosha, na kundi la waliotaka kuambiwa kwamba mwenye ukoo mbaya anaweza kuukana. Filamu moja isingeweza kuwahudumia wote, hasa filamu iliyokuwa na haraka namna ile.

Na hapa nitasema kama mwalimu wa ushairi. Malumbano tunayajua. Mshairi wa pili huupokea ubeti wa mwenzake, humjibu kwa bahari ile ile, kwa jina lake, na sisi wasikilizaji hupata raha kwa sababu tunajua kwamba wako wawili. Fungu hili la tatu liliuzwa kama shairi moja la beti tatu, ilhali lilitungwa na mikono miwili isiyopatana juu ya vina. J.J. Abrams alitunga ubeti wa kwanza. Johnson akatunga wa pili akavigeuza vina. Abrams akaitwa arudi, naye katika wa tatu akakwangua alichoandika mwenzake. Msomaji hata awe mtoto wa kidato cha kwanza huona pale palipokwanguliwa, kwa kuwa karatasi hubaki nyembamba.

Sitaki kumwonea Abrams. Ubeti huo haukuwa wake tangu mwanzo: mwongozaji aliyepangiwa, Colin Trevorrow, aliondoka Septemba 2017. Kabla ya hapo, Desemba 2016, alikuwa amefariki Carrie Fisher, aliyekuwa Leia tangu 1977. Abrams alikataa kumtafuta mwigizaji mwingine. Alichukua vipande vilivyobaki vya filamu ya 2015, akaandika maneno ya wengine kuyazunguka maneno ya marehemu. Nilipolijua hilo nilisema, hii ni takhmisa! Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdallah bin Nasir, alipoyachukua maneno yanayonasibishwa kwa Liyongo akayaongezea mistari yake hadi kila ubeti ukatimia mitano. Mwenye sikio husikia mshono: Leia hujibu kidogo kando ya alichoulizwa. Kwangu mimi, hata hivyo, hizo ndizo sehemu za heshima kubwa kuliko zote katika filamu ile.

Ambapo sina huruma naye ni katika kibwagizo. Filamu hii inarudia kila kitu: Kaizari yule yule, silaha ya kuvunja sayari, jangwa, vita vya mwisho vya merikebu chache dhidi ya nyingi. Watetezi wake husema ndivyo hadithi hii ilivyo, ina mwangwi. Kweli, na sisi tunaoimba mashairi tunajua utamu wa kibwagizo, ukumbi mzima unapokipokea kabla mshairi hajakimaliza. Lakini kibwagizo hunoga kwa sababu kila ubeti hukifikia kwa njia mpya. Ukiondoa njia, ukabakiza kituo peke yake, unaimba kengele. Hapo hapo nakiri kwamba paliporudiwa kwa haki nami niliguswa: Chewbacca, yule jitu mwenye manyoya aliyenyimwa nishani mwaka 1977 wenzake wawili walipovishwa, hatimaye alipewa ya kwake. Kijana wetu alipiga makofi. Binti yangu pia, ingawa sasa hukana.

Lipo jambo moja ambalo silisamehi. Katika filamu ya 2017 alikuwamo Rose, fundi wa merikebu, msichana mnene kidogo, mwenye ovaroli, anayemlilia dada yake aliyefia vitani. Aliyemwigiza, Kelly Marie Tran, ni Mmarekani aliyezaliwa na wakimbizi wa Vietnam. Baadhi ya waliojiita wapenzi wa hadithi hii walimtukana kwa rangi yake na umbo lake hadi mwaka 2018 akafuta picha zake zote mtandaoni. Agosti mwaka ule aliandika katika gazeti la New York Times namna alivyoanza kuyaamini matusi yale. Watazamaji waungwana, na walikuwa wengi, walingoja kuona filamu ya mwisho itamfanyia nini. Ilimpa dakika moja na ushei. Anasimama, anasema ana kazi ya kufanya kambini, wenzake wanaondoka. Kuna sababu za kiufundi zilizotolewa, lakini mimi nimekaa darasani zaidi ya miaka thelathini, na najua sura ya mtoto anayeondolewa mbele kwa sababu wa nyuma wamezomea.

Finn naye, askari aliyeporwa kwao akiwa mtoto akakuzwa kwa namba badala ya jina, alionekana filamu nzima akitaka kumwambia Rey jambo, na jambo lenyewe halikusemwa. Mwigizaji wake, John Boyega, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, alieleza waziwazi mwaka 2020 kwamba yeye na wenzake wasio weupe walitangazwa kwa kishindo kisha wakasukumwa pembeni. Watatu hawa, asiye na wazazi, asiye na jina na fundi asiye na cheo, ndio waliokuwa watu wapya wa hadithi. Mwishoni mmoja alipewa ufalme wa damu, na wawili wakaambiwa wasubiri nje.

Yule rubani wa Kikuyu pia alikuwamo, amezeeka, akiendesha merikebu ambayo radi za Kaizari ziliiteketeza. Ilipasuka katika msururu wa nyingine. Sikusikia mtu yeyote ukumbini akiguna.

Nikifikiria nasaba huja kwangu Fumo Liyongo, aliyeuawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba kitovuni. Katika fungu hili la Star Wars, Ben Solo, mjukuu wa Vader, anamuua baba yake kwa upanga wa nuru. Kisha katika filamu ya mwisho anatubu, anamfufua Rey, anakufa akiwa amesamehewa. Watunzi wetu hawakumsamehe mwana wa Liyongo. Alisaliti, akakosa alichoahidiwa, akafa kwa fedheha. Zamani niliwafundisha wanafunzi kwamba huo ni ukali wa tendi. Siku hizi naona kwamba utendi ulikuwa unasema jambo ambalo filamu ililikwepa: damu haimlindi mtu na chochote, na haimpi chochote ambacho hakukitunza. Ajabu ni kwamba filamu nayo imejaa ushahidi huo, ila haikuuamini.

Vijana wangu hawajapatana. Kila tukikutana mmoja hulichokoza, na mwaka uliopita niliwaamuru, kama walikuwa wanafunzi, walihamishie ugomvi wao katika ushairi. Binti yangu ametunga beti saba juu ya mtoto wa ufagio, ambaye filamu ya mwisho haikumtaja kabisa. Kijana amemjibu kwa nane, anayezungumza akiwa ni yule bibi kizee wa jangwani. Nimezisahihisha kwa kalamu nyekundu nikawarudishia. Vya binti vina vya kati vimelegea kuanzia ubeti wa tatu. Kijana mizani zimemzidi mbili katika ubeti wa tano, pale pale anapotaja jina, na anakataa kuzipunguza.